Mwenyekiti Analimiwa Mwisho

Nilichaguliwa mwenyekiti wa klabu ya kilimo kwa sababu nina sauti. Hakuna sababu nyingine, na sitaki mtu anipambe. Wapo waliojua mbegu kuliko mimi na wapo waliokuwa na nguvu kuliko mimi, lakini siku ya uchaguzi umeme ulikatika, kipaza sauti cha shule kikafa, na kati ya wagombea wote mimi ndiye niliyesikika mpaka kwa kidato cha kwanza waliokuwa wamekaa nyuma kabisa. Wakanyoosha mikono, basi. Mwalimu wa kilimo, ambaye ndiye alikuwa mlezi wa klabu, akanibandika beji kifuani na kunichoma na pini. Nikasema asante mwalimu.

Shule yetu ilikuwa ya kata, upande wa Misungwi. Ukipanda kwenye mawe yaliyo nyuma ya vyoo unaliona ziwa, na kipindi kile ulikuwa unaona pia nguzo za daraja la Kigongo zimesimama majini hazijaunganishwa. Klabu ilikuwa na bustani ya mchicha na nyanya, na vibanda vya kuku ambamo kila muhula kuku walikufa. Kazi ya mwenyekiti ilikuwa kupanga zamu za kumwagilia, kugombana na wasiomwagilia, na wageni wakija kusimama mbele na kupiga salamu. Mimi nasema "Jembe!" Wenzangu wanaitikia "Lipo!" Nasema "Mikono?" Wanaitikia "Ipo!" Wageni wanapiga picha, wanaondoka. Nyanya zinaenda kwa walimu.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkulima wa pamba na mpunga, na alikuwa na ng'ombe wachache aliowapenda kupita kiasi. Ujanani alikuwa nsumba ntale. Kwa asiyejua, kwetu Wasukuma huyo ndiye kiongozi wa vijana wa kijiji wanaolima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, ngoma ikipigwa. Haikuwa kazi ya mchezo. Nsumba ntale akisema watu wakutane kabla jua halijatoka, wanakutana, na asiyekuja analipa jogoo. Vijana wake walishatawanyika siku nyingi, wengine machimboni, wengine mjini, wengine kaburini, na mimi nazaliwa hakuna aliyekuwa analima hivyo tena. Lakini baba hakukivua kile cheo. Alitembea nacho, alikaa nacho mezani, akikwambia sogeza sahani unajua anayesema ni nani.

Jioni ya siku ile niliyochaguliwa nilimpelekea beji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Nimechaguliwa mwenyekiti."

"Wa nini?"

"Wa klabu ya kilimo. Shule nzima."

Akaiangalia beji. "Mnalima wapi?"

"Bustani ya shule."

"Hiyo adhabu," akasema. "Hicho siyo kilimo." Akaenda zizini kumwangalia ng'ombe wake mwenye mba.

Baba hakuwa mtu wa kusifu. Watu wa nje walidhani ni mkali, lakini hakuwa mkali, hakunipiga hata siku moja. Alikuwa tu hasemi. Ukifaulu anakwambia chakula kiko jikoni. Kaka zangu wawili waliondoka nyumbani bila kusikia neno zuri kutoka kwake, na mmoja nadhani aliondoka kwa sababu hiyo. Waliosifiwa pale nyumbani ni ng'ombe. Aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, akawaambia walivyo wazuri, na mimi nasikia nikiwa naosha vyombo. Khaa! Unamwonea wivu ng'ombe. Nasema kweli, niliwahi kumwonea wivu ng'ombe.

Sasa mimi nina kichwa kigumu, nimekirithi kwake. Nikasema kama bustani ya shule siyo kilimo, basi nitamwonyesha kilimo. Kwenye kikao cha klabu nikatoa hoja kwamba mvua za vuli zikianza, kila Jumamosi tutaenda kulima nyumbani kwa mwanachama mmoja. Kwa zamu, wote, mpaka nyumba ziishe. Wenzangu wakaguna. Makamu wangu, kijana mmoja mwenye mdomo ambaye nilimshinda kwenye uchaguzi na hakuwa amesahau, akauliza kama mwenyekiti ana shamba kubwa sana kwao linalomsumbua. Wakacheka wote. Mwalimu alisita kwa ajili ya wazazi, halafu akakubali kwa sharti kwamba yeye mwenyewe awepo. Alikuwa mtu mzuri yule mwalimu, alilima na sisi na miwani yake ikijaa vumbi.

Nilipomwambia baba, aliacha kutafuna. Kilikuwa kipindi cha kiangazi, tunakula matobolwa na chai, na yeye akashika kipande cha kiazi hewani, akasahau kukipeleka mdomoni.

"Nani atashika mstari?" akauliza.

"Mimi ndiye mwenyekiti."

"Unajua kushika mstari?"

Sikujua. Akainuka, akachukua jembe, akanitoa uani. Ardhi ilikuwa kavu kama sufuria lakini hakujali. Akanionyesha. Watu wanasimama ubavu kwa ubavu, kila mmoja na tuta lake, na kiongozi anachukua tuta la pembeni kabisa kushoto. Mwendo wake ndio mwendo wa wote. Akikimbia anawaua wadhaifu, akichelewa ngoma inachoka. Kiongozi haangalii pembeni. Hanyooshi mgongo mpaka mtu wa mwisho amemaliza tuta lake. Anakunywa maji wa mwisho, anakula wa mwisho.

"Na nyumbani kwake," akasema, "analimiwa mwisho. Sikia vizuri hilo. Wote wakishalimiwa, ndiyo waende kwake. Akianza kwake ni mwizi."

"Sawa."

"Siyo sawa. Sema umesikia."

"Nimesikia baba."

Tukalima pale uani, kwenye ardhi kavu, tuta moja la bure lisilopandwa kitu. Mama alitutazama kutoka jikoni akafikiri tumechanganyikiwa. Tulipomaliza nikamwangalia baba, nikamuuliza, "Je, nimeweza?"

"Sisemi," akasema. "Siku mtakayofika hapa, nitakaa pale ukutani, nitaona. Hapo nitasema."

Yaani mwaka ule wote, kama kuna kitu nilikitaka duniani, ni hicho. Sikutaka cheti wala safari ya kwenda mjini kwenye maonyesho. Nilitaka baba akae pale ukutani, anione nikishika mstari kwenye shamba lake, aseme. Hata neno moja. Ningekubali hata "si mbaya."

Kiharusi kilimpata kabla mvua hazijaanza. Aliangukia zizini asubuhi, na ng'ombe wakamzunguka bila kumkanyaga. Tukampeleka hospitali mjini, akarudi na mdomo umevutwa upande na mkono wa kulia hauna kazi. Mkono wa jembe. Akili ilikuwa nzima, maneno ndiyo yalikuwa yanatoka nusunusu. Mimi na mama tukajifunza kumgeuza, kumkalisha, kumlisha uji taratibu asipaliwe.

Hapo ndipo mimi nilipozimika. Sijui niseme vipi. Watu walikuja, wakasema pole, nikasema nimeshapoa. Shangazi alitoka Mirongo akalia mlangoni mpaka akaketi chini, na mimi nikawa nawaza kwamba kanga yake itachafuka. Sikulia. Siyo kwamba nilijikaza, mtu anayejikaza anajua anachokizuia. Mimi nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu ulioukalia vibaya, unaubonyeza unajua ni wako lakini hausikii. Nilikwenda shule, nikajibu maswali, nikapanga zamu za kumwagilia. Mwalimu akaniambia ninaonyesha ukomavu. Nikasema asante mwalimu.

Mvua ya kwanza iliponyesha tukaanza mzunguko. Tulianza kwa bibi mmoja anayelea wajukuu, kwa kuwa mjukuu wake alikuwa mwanachama, halafu tukaendelea na wengine kwa kufuata njia. Nyumba kwa nyumba. Tulifika tukiimba, majembe juu, makamu akipiga ngoma ya kuazima kanisani, mimi pembeni kushoto na kichwa chini. Ile kazi niliiweza. Mikono ilifanya yenyewe. Watu wa nyumba walitupa michembe ya viazi, uji, dagaa, mahali pengine sato mzima, nami nikala wa mwisho, na kwa kuwa chakula hakikuwa na ladha mdomoni mwangu, haikunisumbua.

Makamu ndiye alianza kunitazama kwa jicho lingine. Jumamosi moja tukirudi, akatembea kando yangu, ngoma begani, akasema, "Mwenyekiti, Jumamosi ijayo twende kwenu."

"Kwetu mwisho."

"Mzee anaumwa. Tumeshaongea wote. Hakuna atakayekuita mwizi."

Kumbe nilikuwa nimewasimulia. Sikukumbuka kuwasimulia. Nikasema hapana, sheria ni sheria. Akaniambia nina roho ya jiwe. Halafu akafanya jambo ambalo sikumtuma. Kesho yake, Jumapili baada ya ibada, akaja nyumbani amevaa shati la kanisani, akapiga magoti mbele ya kiti cha baba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," baba akajibu, ikitoka kwa shida.

"Mzee, sisi vijana tumekuja kuomba. Tunaomba tulime hapa Jumamosi hii. Zamu ya mwenyekiti tumeisogeza mbele, wote tumekubali, na mwalimu pia."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la uji. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilihisi kitu. Nikamwombea kimoyomoyo baba akubali. Kubali, kubali tu, nani atajua, kubali.

Baba alimtazama kijana wa watu. Macho yakawa mekundu. Mkono wa kushoto, ule uliobaki, ukainuka ukagonga kiti.

"Mwisho!" akasema. Lilitoka wazi kabisa, hakuna neno lililotoka wazi kama lile tangu aanguke. "Mwisho! Mwisho!"

Makamu akainuka akajipangusa magoti. "Sawa mzee," akasema, na alipopita kwangu akanong'ona, "Jamani, we na baba yako mko sawasawa." Nilimkasirikia sana baba siku ile. Nikamlisha uji bila kumwangalia, na yeye hakuniangalia, tukawa kama watu wawili wanaosubiri basi.

Basi tukaendelea. Na mzunguko, kama ulivyo mzunguko wowote wa Wasukuma, haukwenda kama tulivyoupanga. Jumamosi moja ilikuwa msiba. Kwetu mtu akifariki kijijini hakuna anayebeba jembe kwenda shambani mpaka amezikwa, utatozwa mbuzi na watu watakuongelea mwaka mzima, kwa hiyo siku hiyo ikapotea. Jumamosi nyingine mvua ilimwagika tangu alfajiri na mbuga yote ikawa ziwa dogo. Na Jumamosi nyingine, hiyo ndiyo sitaisahau, tulilima shamba lisilo letu.

Ilikuwa hivi. Mpaka kati ya shamba la mama wa mwanachama mmoja na la jirani yake ulikuwa mkonge mmoja uliokauka, na usiku wa kuamkia siku ile ng'ombe wa mtu walikuwa wameung'oa. Ngoma siku hiyo ilikuwa imepamba moto. Makamu alikuwa kama kapagawa, wimbo unapanda, na mimi kiongozi kichwa chini, siangalii pembeni kama nilivyofundishwa. Tukalima tukavuka. Jirani mwenyewe, mzee mmoja mwenye kofia, alikuwa kakaa mlangoni kwake. Alipotuona tunaingia shambani kwake, aliingia ndani, akatoa kigoda akakisogeza kivulini, akakaa vizuri kutazama. Tulipomaliza kabisa, mgongo umeniuma mpaka shingoni, ndipo akasimama, akavua kofia.

"Wabeja sana, wanangu," akatushukuru. "Wabeja. Ila shamba la mama yenu huyo ni lile kule."

Mwalimu alikaa chini kwenye matuta akacheka mpaka miwani ikaanguka. Wengine walitaka kumpiga yule mzee. Ikabidi Jumamosi iliyofuata turudi kulima lile la haki.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia baba. Sikuwa na nia ya kumchekesha, nilikuwa natoa taarifa tu, kwa ile sauti yangu ya kipindi kile, kavu. Nikafika kwenye kigoda kilichosogezwa kivulini, na baba akaanza kutikisika. Nikadhani ni kiharusi tena, nikamshika bega. Kumbe anacheka. Machozi yakamtoka kwenye jicho la upande mzima. Akajaribu kusema kitu, kisitoke, akajaribu tena.

"Kichwa... chini," akasema.

"Ndiyo baba. Nilikuwa kichwa chini."

Akacheka tena. Mama alikuja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi kuona kuna nini. Nikafikiri labda huko ndiko kusema kwenyewe. Lakini hapana. Kucheka siyo kusema.

Kiharusi cha pili kilikuja polepole, bila kelele. Tulilala naye mzima, tukaamka naye hajui yuko wapi. Mdomo ukanyooka kidogo, maneno yakarudi, yakaja mengi kuliko zamani, lakini hayakuwa yetu. Alizungumza na watu wa ujana wake. Aliuliza kama vijana wameshakusanyika. Baba alimwita mama "mke wa kaka," na mama wa watu akaitikia, afanye nini. Mimi alianza kuniita dada yake, baadaye akaacha, nikawa binti wa jirani anayekuja kusaidia. Alinishukuru kwa adabu kila nilipomlisha. "Wabeja, mama. Wazazi wako hawajambo?" Hawajambo, nasema. Miaka yote sikuwahi kushukuriwa kwa bakuli la uji, sasa nashukuriwa mara tatu kwa siku na mtu asiyenijua.

Usiniulize nilisikia nini. Sikusikia kitu. Nilikuwa napanguza kidevu chake na kuangalia nje kama mawingu yamesimama upande wa ziwa. Mama alikuwa analia jikoni, anadhani simsikii. Mimi nilikuwa nahesabu nyumba zilizobaki mpaka kwetu, nahesabu kwa mazoea tu, kama mtu anayeendelea kusubiri chombo ambacho ameshaambiwa hakiji.

Zamu ya kwetu ikafika, ikiwa ya mwisho kama ilivyotakiwa. Nilifikiria kuifuta. Nilimwambia makamu hakuna haja tena, shamba letu dogo tutajikokota na mama. Safari hii hakunitania.

"Tulishakubaliana nyumba zote," akasema. "Au unataka sisi tuwe wezi?"

Walikuja asubuhi, wote, hata wale wavivu ambao mzunguko mzima walikuwa wanaumwa tumbo. Nilisimama nao pale njiani kama vile nami ni mgeni, kwa sababu kiongozi anaingia na watu wake, hangojei watu mlangoni. Mwalimu alikuwa ameazima jembe jipya. Tukaingia tukiimba, na mimi nikiimba, sauti ile iliyonipa uenyekiti ikatoka yenyewe kama maji ya bomba. Mama alikuwa amemtoa baba nje. Alimfunga kitenge mabegani na kumvalisha kofia yake ya zamani, akamkalisha ukutani, palepale aliposema atakaa.

Nikapiga salamu. "Jembe!" Lipo. "Mikono?" Ipo. Nikachukua tuta langu la kushoto.

Ardhi ilikuwa imeloa vizuri siku ile, nyeusi, inakatika bila kugoma. Ngoma ilianza taratibu. Sikumwangalia baba. Niliweka kichwa chini nikalima kama alivyonionyesha uani kiangazi kile, mwendo ule ule, si wa kuua mtu na si wa kuchosha ngoma, na nyuma ya mdundo nilikuwa nasikia majembe yote yanaingia ardhini pamoja, yanatoka pamoja. Kulikuwa na msichana wa kidato cha kwanza, mdogo, mwembamba, alikuwa mwisho kabisa kulia. Nilimsikiliza yeye. Akichoka napunguza, akipata pumzi naongeza. Tulikwenda tukarudi, tukaenda tukarudi, mpaka shamba likabaki ukanda mmoja mwembamba upande wa nyumba, na tuta langu likaishia karibu na ukuta.

Nikasimama pale nimeinama, jembe chini, mpaka yule mdogo alipomaliza. Halafu nikanyoosha mgongo.

"Binti," baba akaita.

Nikageuka. Alikuwa ameinua mkono wa kushoto ananiita kwa vidole. Macho yake yalikuwa safi. Kwa kitambo kidogo, jamani, nikadhani amenijua. Nikamsogelea nikapiga goti, mikono imejaa udongo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye umeshika mstari?"

"Ndiyo."

"Nimekutazama," akasema. "Tangu mmeanza. Umemsubiri yule mdogo kule mwisho."

"Ndiyo."

"Nani kakufundisha?"

Makamu alikuwa ameacha kupiga ngoma. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji, haendi mbele harudi nyuma.

"Baba yangu," nikasema.

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

Akatingisha kichwa, ameridhika. Akanitazama tena kuanzia miguuni mpaka usoni, kama alivyokuwa akiwatazama ng'ombe wake, bila haraka.

"Alishakuona ukilima hivi?"

"Ameniona."

"Akasemaje?"

Nilitafuta pa kuangalia. Nikaangalia mkono wake uliolala mapajani, ule usio na kazi.

"Bado hajasema," nikamwambia.

Baba akakunja uso. Alikasirika hasa, kwa ajili yangu, nikaona mishipa ya shingo.

"Mjinga huyo," akasema. "Mwambie mimi nilikuwa nsumba ntale, najua ninachokisema. Vijana wangu wote wale, hakuna aliyeshika mstari hivi. Hata mimi. Mwambie ungekuwa mwanangu, nisingengoja."

"Nitamwambia," nikasema.

Ndipo nikalia, mbele ya klabu nzima, na beji yangu kifuani, na baba akawa ananipigapiga begani kwa mkono wa kushoto, ananiuliza kwa upole kama nimeumia na jembe.